Nipishe Nipite: Foleni ya Gofu na Macho ya Watu

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Moja inasema haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu akikuuliza afuate ipi, jibu si rahisi, kwa sababu kila moja ina ukweli wake na kila moja imekwisha kumponza mtu. Wiki hii, ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, nataka tuzitazame methali hizo mahali ambapo wengi wetu hatupazoei: kwenye uwanja wa gofu.

Najua wapo watakaoguna. Gofu kwa wakazi wengi wa miji yetu ni mchezo wa nyuma ya ua. Tunaona michongoma, tunaona majani ya kijani upande wa pili, kisha daladala inatupitisha tukaendelee na shida zetu. Lakini ndani ya ua ule kuna jambo ambalo kila mkazi wa mji analijua vizuri sana. Jambo hilo ni foleni. Kuna walio mbele wanaokwenda taratibu, kuna walio nyuma waliochoka kungoja, na kuna ile dakika ngumu ambapo wa nyuma anaambiwa: haya, pita. Ni dakika hiyo ninayotaka kuizungumzia, maana ina historia ndefu, na imewatoa jasho hata mabingwa wa dunia.

Kwanza tuelewane jinsi mchezo unavyokwenda. Uwanja kamili una mashimo 18. Mchezaji huanza kwenye kijiwanja kidogo, hupiga mpira kuelekea shimo lililo mbali, pengine mita 150, pengine hata mita 500, kisha huufuata kwa miguu na kuupiga tena mpaka autumbukize shimoni kwenye grini, yaani ile sehemu yenye majani yaliyokatwa yakawa kama zulia. Baada ya hapo huenda shimo linalofuata. Watu hucheza kwa makundi ya wawili, watatu au wanne, na kila kundi huanza dakika kadhaa baada ya lile lililotangulia. Mpira wenyewe ni mdogo lakini ni mgumu na huruka kwa kasi ya kutisha. Ukimpata mtu kichwani unaweza kumwua. Kwa hiyo hupigi mpaka walio mbele yako wamefika mahali ambapo mpira wako hauwezi kuwafikia.

Hapo ndipo foleni inapozaliwa. Barabarani, gari la nyuma likiona nafasi hulipita la mbele bila kuombana ruhusa. Kwenye gofu haiwezekani. Aliye mbele lazima asimame kando, akuite, akungoje upige, akungoje utembee, akungoje umalize, ndipo naye aendelee. Mara nyingi hilo hufanyika kwenye shimo fupi, lile ambalo mchezaji mzuri huweza kufika grini kwa pigo moja. Kundi la mbele likishafika grini huwapungia mkono walio nyuma, nao hupiga huku wenzao wakiwatazama. Watu wanne wameegemea fimbo zao, hawana kazi nyingine kwa dakika ile ila kukuangalia wewe.

Na hapa ndipo penye kioja. Mtu aliyelalamika nusu saa nzima kwamba walio mbele wanatambaa kama kobe, akipewa njia hupiga pigo baya kuliko yote aliyopiga tangu asubuhi. Mpira unakwenda kichakani. Wa pili unakwenda mchangani. Anaanza kukimbia badala ya kutembea, anapiga kabla hajasimama sawasawa, na anapofika grini mikono inatetemeka. Aliyekuwa na haki ya kupita sasa anaonekana kama ndiye anayechelewesha watu. Ukiwauliza wachezaji wa gofu, wengi watakuambia yamewafika.

Kwa nini iwe hivyo? Ili tupate jibu, hebu turudi kule mchezo ulikotoka, Scotland.

Sheria za zamani zaidi za gofu zinazojulikana ziliandikwa mwaka 1744 na waungwana waliokuwa wakicheza Leith, karibu na Edinburgh. Baraza la jiji lilitoa fimbo ya fedha ishindaniwe, na mashindano yakihitaji sheria, wakaandika 13. Mshindi wa mwaka ule alikuwa tabibu wa upasuaji aliyeitwa John Rattray. Ukizisoma sheria zile 13 utakuta habari za mpira ulioanguka majini, mpira uliopotea, mpira uliogongwa na mtu au mbwa. Hutakuta neno hata moja kuhusu kupisha. Waungwana wale walikuwa wachache, na uwanja wa Leith ulikuwa na mashimo 5 tu. Foleni ingetoka wapi?

Lakini kumbuka sheria moja kati ya zile, ya 12, maana tutaikuta tena mbele ya safari. Ilisema kwamba mtu ambaye mpira wake uko mbali zaidi na shimo ndiye anayepaswa kupiga kwanza. Kwa maneno mengine, kila mtu angoje zamu yake. Ni utaratibu wa heshima, na ni utaratibu wa polepole.

Mambo yalibadilika pale watu walipozidi. Uwanja mashuhuri wa St Andrews ulikuwa ukanda mwembamba kando ya bahari. Wachezaji walikwenda mpaka mwisho wake, kisha wakageuka na kurudi kwa njia ile ile, wakitumia mashimo yale yale. Mwaka 1764 mzunguko wao ulipunguzwa kutoka mashimo 22 hadi 18, na ndiyo asili ya hesabu ya 18 tunayoisikia mpaka leo. Sasa fikiria wanaokwenda wanakutana na wanaorudi kwenye shimo moja, kila upande una mipira yake na kila upande unaona una haki. Wachezaji walipokuwa haba, salamu zilitosha kumaliza shauri hilo.

Kisha ukaja mpira wa bei nafuu. Zamani mpira wa gofu ulikuwa kifuko cha ngozi kilichoshindiliwa manyoya ya ndege, na fundi hodari aliweza kutengeneza mipira michache tu kwa siku. Ilikuwa ghali, na ikilowa iliharibika. Mnamo 1848 ukaanza kutumika mpira wa utomvu mgumu wa mti uitwao gutta-percha, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Ulikuwa rahisi kutengeneza, wa bei ndogo, na ukiharibika uliweza kupashwa moto na kufinyangwa upya. Mwaka 1852 reli ikafika St Andrews. Basi mchezo wa wachache ukawa mchezo wa wengi, na ukanda ule mwembamba ukajaa. Ilibidi uwanja upanuliwe na grini nyingi ziwekewe mashimo mawili, moja la wanaokwenda na jingine la wanaorudi. Hata leo uwanja ule una grini 7 za namna hiyo.

Wakati huo ndipo lilipoanza kuandikwa jambo ambalo waungwana wa Leith hawakulihitaji: adabu za kupishana. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa zimekwisha kuwa sehemu ya kawaida ya vitabu vya sheria. Ziliagiza kwamba kundi linalotafuta mpira uliopotea liwaashirie walio nyuma wapite, na likishawaashiria lisiendelee kucheza mpaka waliopita wawe mbali. Kundi lililoachwa nyuma zaidi ya shimo moja zima na walio mbele yake liwapishe wanaolifuata. Wanaocheza wawili wapishwe na wanaocheza watatu au wanne. Wanaocheza mashimo yote 18 wapishwe na wanaocheza mzunguko mfupi.

Hayo yote ni ya busara. Lakini palikuwa na kifungu kingine ambacho kila ninapokifikiria hunisimamisha. Kilisema kwamba mtu anayecheza peke yake hana hadhi yoyote uwanjani, na awapishe wote. Hata kama yeye ndiye mwepesi kuliko wote. Hata kama mbele yake kuna watu wanne wanaosimuliana habari za kazini na kusahau zamu ni ya nani. Yeye ni mmoja, basi hahesabiwi.

Kifungu hicho kiliishi karibu karne nzima. Kiliondolewa mwaka 2004, pale sheria zilipoandikwa upya kwenye sehemu ya adabu. Kuanzia hapo ikaelezwa wazi kwamba anayestahili kupita huamuliwa na mwendo wa mchezo wake, na kwamba neno kundi linamhusu hata mtu mmoja aliye peke yake. Kundi likiachwa nyuma shimo zima na likiwa linawachelewesha wanaofuata, liwaalike wapite, bila kujali wako wangapi. Ndugu msikilizaji, mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini kwangu ni makubwa. Swali la zamani lilikuwa: wewe ni nani na mko wangapi? Swali jipya ni: unakwendaje?

Sisi huku mchezo ulitufikia ukiwa na adabu zake zile za zamani, tena mikononi mwa wakoloni. Klabu ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1901, ya Nairobi mwaka 1906, na kwingineko katika Afrika Mashariki maofisa na walowezi walifungua viwanja kila walipokaa kwa wingi. Katika viwanja vile Mwafrika aliingia akiwa kedi, amebeba mkoba wa fimbo za bwana mwingine. Aliijua kila nyasi ya uwanja, aliujua upepo, aliweza kukisia umbali kwa jicho. Lakini katika foleni ya wachezaji hakuwamo. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa waliokuja baadaye walitoka katika kazi hiyo ya ukedi, na walijifunza kwa kutazama.

Miaka michache baada ya mabadiliko hayo ya 2004 nilikuwa nikikusanya sauti za kipindi cha michezo kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja. Nikamfuata kijana mmoja aliyekuwa kedi kabla hajaanza kushindana. Alikuwa anafanya mazoezi peke yake. Mbele yake walikuwamo wazee wanne wenye nafasi zao mjini, wanacheza taratibu kama watu waliokuja kupunga upepo. Katika mashimo matano kijana yule alisimama na kungoja kila alipotaka kupiga. Hakusema kitu. Nilipomwuliza kwa nini asiombe njia, alicheka tu na kusema, "Bwana mtangazaji, wale ni wakubwa zangu."

Kwenye shimo la sita, ambalo ni fupi, mmoja wa wazee akageuka, akamwona, akampungia mkono. Kijana aliyekuwa akipiga mipira iliyonyooka kama uzi alitoa fimbo haraka haraka, hakufanya lile zoezi lake la kupima mara mbili, akapiga. Mpira ulibingirika hatua thelathini hivi mbele yake. Kule grini mtu akacheka. Akauendea mbio. Hapo kedi mzee aliyekuwa na wale wazee, ambaye alikuwa amerudi nusu ya njia kutazama mpira ulikoangukia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeshaitwa. Sasa wanaongoja ni wao. Piga kama unavyopiga siku zote." Kijana akasimama, akavuta pumzi, akapima mara mbili, akapiga. Mpira ulitua grini. Akamaliza, akawashukuru wazee kwa adabu, akaenda zake.

Maneno ya kedi yule nimeyapima mara nyingi tangu siku ile, na kila nikisoma historia ya mchezo huu nakuta ushahidi wake. Tuangalie machache.

Mwaka 1957 mashindano ya US Open yalichezwa Inverness, mjini Toledo, Ohio, na watu wawili wakatoka sare, ikabidi warudie siku ya pili. Mmoja alikuwa Cary Middlecoff, bingwa mtetezi, aliyesomea udaktari wa meno, na mwenye sifa ya kuwa mzito kupita kiasi katika kupiga. Mwenzake, Dick Mayer, alijua kwamba siku nzima atakuwa anamngoja, na kwamba kungoja huko kunaweza kumtia wazimu. Basi alikuja uwanjani na kiti kidogo cha kukunja. Middlecoff akianza kupimapima, Mayer anakunjua kiti chake, anaketi. Hakulalamika, hakuharakisha, hakubadilisha mchezo wake. Mwisho wa siku Mayer alikuwa na mapigo 72 na Middlecoff 79. Sisemi kiti ndicho kilichomshinda Middlecoff. Ninachosema ni kwamba Mayer alitafuta namna ya kutouruhusu mwendo wa mwenzake uwe mwendo wake.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2009, huko Firestone, mjini Akron, Ohio, Padraig Harrington wa Ireland alikuwa akipambana na Tiger Woods siku ya mwisho. Walipofika shimo la 16, Harrington alikuwa mbele kwa pigo moja. Wawili hao walikuwa wameachwa nyuma na ratiba, na afisa wa sheria John Paramor akawaambia kwamba sasa wanapimwa kwa saa. Harrington ni mtu wa kujiandaa kwa muda mrefu. Akaanza kupiga kwa mwendo usio wake. Mpira wake ukavuka grini, na uliofuata ukazama kwenye bwawa. Alimaliza shimo lile kwa mapigo 8, wakati kiwango chake ni 5. Woods, aliyepimwa kwa saa ile ile, aliweka mpira karibu kabisa na shimo, akamaliza kwa 4. Pigo moja la kuongoza likageuka deni la mapigo matatu, na Woods akashinda mashindano kwa tofauti ya mapigo 4. Baadaye Woods mwenyewe aliona maofisa hawakutenda sawa kuwaingilia wakati ule.

Hapo mtu wa methali ya kwanza atasimama na kusema: si nilikuambieni, haraka haraka haina baraka? Polepole, ndugu yangu. Mwaka 1947, katika mashindano ya Masters huko Augusta, Gene Sarazen na George Fazio walimaliza mashimo yote 18 kwa saa 1 na dakika 57, muda usiofikia nusu ya ule ambao makundi mengi hutumia siku hizi. Sarazen, akiwa na umri wa miaka 45, alimaliza kwa mapigo 70. Haraka ile haikumnyima baraka, kwa sababu ilikuwa haraka yake mwenyewe. Aliizoea tangu ujana.

Na mwaka 2018, nchini Austria, yalifanyika mashindano ambamo kila pigo la kila mchezaji lilipimwa kwa saa iliyoonekana na wote: sekunde 50 kwa anayeanza, sekunde 40 kwa wanaofuata. Wengi walitabiri vurugu. Haikuwa hivyo. Adhabu zilizotolewa zilikuwa chache mno, raundi zilikwenda haraka, na Mikko Korhonen wa Finland alishinda kwa tofauti ya mapigo 6. Tofauti na mkasa wa Harrington iko wapi? Kule Austria kila mtu alijua tangu asubuhi saa ile ipo, akaingia uwanjani na mwendo alioupanga. Harrington alibadilishiwa mwendo katikati ya safari, tena mbele ya macho ya dunia.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hilo, na wakatumia gofu yenyewe. Sian Beilock na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 2004 utafiti uliowaweka wazoefu na wanaojifunza wapige mpira kuelekea shimoni, mara wakiambiwa walenge kwa uangalifu, mara wakiambiwa wafanye haraka. Wanaojifunza waliharibu walipoharakishwa. Lakini wazoefu walifanya vizuri zaidi walipoambiwa wafanye haraka kuliko walipoambiwa wawe waangalifu. Maelezo yao ni kwamba mkono uliokwisha kujifunza kazi huifanya bila kusimamiwa. Ukianza kuusimamia, mguu uko wapi, kiwiko kiko wapi, unauvuruga. Na hakuna kitu kinachomfanya mtu aanze kujisimamia kama kujua kwamba watu wanne wanamtazama.

Basi tumepata jibu la kioja chetu. Anayepita hafadhaishwi na haraka. Anafadhaishwa na macho ya watu, na na ile hisia kwamba ana deni kwao, kwamba njia aliyopewa ni hisani ambayo lazima ailipe papo hapo kwa kuonekana hodari au kwa kutoweka upesi. Hisia hiyo ni nzito zaidi kwa mtu ambaye kwa miaka mingi aliambiwa hana hadhi.

Wala tusidhani macho hayo huwaangukia wote sawasawa. Mwaka 1962 Jack Nicklaus, akiwa kijana wa miaka 22, aliadhibiwa mapigo mawili kwa uzito wa kucheza huko Portland, na bado akashinda mashindano. Lakini miaka ilivyokwenda, adhabu kwa wakubwa zikawa adimu. Kufikia mwaka 2013 ilikuwa imepita miaka 18 bila mchezaji mmoja mmoja kuongezewa pigo kwa uzito katika mashindano yanayoendeshwa na PGA Tour ya Marekani, ingawa kila mtazamaji alijua wazito ni nani na nani. Mwaka huo huo, kwenye Masters, ambayo huendeshwa na klabu ya Augusta yenyewe, adhabu ikatolewa. Ilimwangukia nani? Guan Tianlang, mtoto wa miaka 14 kutoka China, kwenye shimo la 17 la raundi ya pili. Afisa alikuwa yule yule Paramor. Sheria ilifuatwa, sikatai. Mtoto alikwisha kuonywa. Yeye aliikubali adhabu bila kunung'unika, akapenya kuingia raundi mbili za mwisho, akiwa mdogo kuliko wote waliowahi kufanya hivyo katika Masters, na akamaliza akiwa wa kwanza miongoni mwa wachezaji wa ridhaa. Mimi nabaki na swali langu: kwa nini sheria iliyolala miaka yote hiyo kwa watu wazima iamke kwa mtoto?

Mwaka 2019 sheria za gofu zilibadilishwa tena. Muda wa kutafuta mpira uliopotea ulishushwa kutoka dakika 5 hadi 3. Mchezaji anashauriwa apige ndani ya sekunde 40 tangu zamu yake iwe tayari. Na ile sheria ya 12 ya mwaka 1744, ya kungoja aliye mbali zaidi apige kwanza, imelegezwa: katika mchezo wa kuhesabu mapigo, aliye tayari anahimizwa apige, mradi hamdhuru mtu. Imechukua miaka 275 kwa waungwana kukubali kwamba heshima siyo lazima iwe foleni.

Wanaocheza wanaweza kuniuliza, basi tufanye nini siku tunapoitwa tupite? Wachezaji wazoefu niliozungumza nao wanakubaliana katika machache. Chagua fimbo yako wakati bado unangoja, na iwe ile unayoiamini, si ile ya kujionyesha. Shukuru kwa mkono, kisha uwasahau. Fanya maandalizi yako yale yale, usiyapunguze na usiyaongeze. Sekunde kumi unazoiba hapo utazilipa kwa dakika tano kichakani. Ukiharibu, ukiwa katika mchezo wa kirafiki, okota mpira wako uende shimo linalofuata, hakuna atakayekuhukumu. Na wewe uliye mbele, ita mapema kabla hujaombwa, simama mahali salama, nyamaza, na usimcheke mtu. Dakika nne za hisani yako zinaweza kumpa mwenzako asubuhi nzima.

Na sisi tusiocheza? Sisi foleni zetu ziko benki, hospitali, kituo cha basi, kwenye madirisha ya ofisi. Mara nyingi tumesimama nyuma ya wanne wanaopiga soga, tukiwa peke yetu, tukiona haya kusema samahani, naomba njia. Na siku tunapopishwa tunaingia tukitetemeka, tunasahau karatasi, tunajikanyaga maneno, kisha tunatoka tukijilaumu. Maneno ya kedi yule mzee ni yetu pia. Ukishaitwa, umeshaitwa. Eleza shida yako kwa mwendo wako, maliza, shukuru, umpishe wa nyuma yako.

Tukijaaliwa tutakutana tena wiki ijayo, siku na saa kama hii.